Kuhakiki Ngoma Inayopita: Beni na Waliyoiandikia, 1890–1975

Mhakiki wa shairi anaweza kuurudia ubeti mara kumi, na msomaji wake akaurudia pia ili amsahihishe. Ngoma haitoi fursa hiyo. Wachezaji wakishatawanyika uwanjani, kinachobaki ni kumbukumbu za waliohudhuria pamoja na maandishi machache ya walioona haja ya kuandika. Kwa sababu hiyo, anayehakiki ngoma ni mwamuzi na mhifadhi kwa wakati mmoja, asichokiandika hupotea. Makala haya yanaichunguza historia ya maandishi kuhusu beni ili kuonyesha jinsi upotevu huo ulivyotokea, na funzo linalopatikana humo kwa uhakiki wa fasihi simulizi.

Beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Wachezaji waliiga gwaride, sare na vyeo vya kijeshi. Mombasa palikuwa na makundi hasimu kama Kingi na Skochi; Tanganyika palivuma Marini na Arinoti. Vita vya 1914–18 viliieneza beni mbali na pwani, kwa kuwa askari na wapagazi walikwenda nayo walikopelekwa.

Kwa kiasi kikubwa, walioiandikia beni mwanzoni hawakuitazama kama sanaa. Wamisionari waliona anasa, ubadhirifu na ushindani usiofaa. Watawala wa kikoloni waligawanyika: wengine waliicheka kama mwigo wa kitoto, wengine wakaiogopa kama chama cha siri. Baada ya mgomo wa 1935 katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), tume ya uchunguzi ilipokea ushahidi kuhusu mbeni, kama ngoma hiyo ilivyoitwa huko. Ngoma ikawa imefikishwa barazani kama mshukiwa. Swali lililoulizwa lilikuwa iwapo ni ya hatari. Halikuulizwa iwapo ilichezwa vizuri.

Wataalamu waliofuata waliiheshimu zaidi. Mwaka 1956, J. Clyde Mitchell alichapisha utafiti wake kuhusu kalela, ngoma iliyohusiana na mbeni. Alianza na maelezo ya mchezo wenyewe, kisha akayatumia kufafanua ukabila na hadhi katika miji ya migodi. Mwaka 1975, T. O. Ranger alitoa kitabu kizima kuhusu beni. Akipinga dhana ya mwigo mtupu, alidhihirisha kuwa ngoma hiyo ilijengwa juu ya desturi kongwe ya mashindano ya pwani, ambako mitaa ya mji mmoja, kama Mkomani na Langoni kule Lamu, ilishindana kwa ngoma na mashairi. Hoja hiyo ilikuwa ukombozi mkubwa. Hata hivyo, kazi hizo mbili zilitawaliwa na maswali ya jamii. Ngoma ilikuwa dirisha la kutazamia tabaka, kabila na utawala. Ni nadra dirisha lenyewe kutazamwa.

Pengo hilo linaonekana wazi katika jambo moja alilolieleza Mitchell. Miongoni mwa wachezaji wa kalela alikuwamo mwanamke aliyevaa kama muuguzi. Alimpitia kila mchezaji akiwa na kioo na kitambaa, ili mchezaji ajione na kujiweka nadhifu. Kwa mwanasosholojia, huo ni ushahidi wa kutamani hadhi ya mjini. Kwa mhakiki wa sanaa, ni jambo jingine pia: kundi lilikuwa na kipimo chake cha ubora, likakipa mahali ndani ya mchezo wenyewe. Uhakiki ulikuwa uwanjani kabla ya msomi kufika na daftari lake.

Ndivyo ilivyokuwa katika beni pia. Mashindano hayana maana pasipo wanaoweza kutambua aliyetia fora. Watazamaji walilinganisha sare, mpangilio wa safu, sauti za ala na ukali wa nyimbo za kujibizana. Hukumu zao hazikuandikwa kama uhakiki, lakini zilikuwa uhakiki. Utafiti wa Margaret Strobel kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, unaonyesha kuwa vikundi vya lelemama navyo vilitumia nyimbo kuwakosoa waliokiuka maadili. Jukwaa lilihukumu jamii, nayo jamii ikalihukumu jukwaa.

Historia hii inamhusu mwanafunzi wa leo anayenakili maneno ya wimbo, akayachambua kama shairi, kisha akadai kwamba ameihakiki ngoma. Maneno ni sehemu moja tu. Uhakiki kamili hauna budi kueleza miili ilivyokwenda, mapigo yalivyobadilika, wapi hadhira ilishangilia na wapi ilinyamaza. Unapaswa pia kuuliza waliokuwapo walipimaje uzuri, kabla ya kutumia mizani ya kigeni. Ndipo tafsiri ya kisiasa au ya kijamii ifuate, nayo itakuwa na mguu wa kusimamia.

Kuhusu beni, tunajua vyeo vya viongozi wake na hofu za watawala wake. Kuhusu hatua za miguu iliyoicheza, kumbukumbu ni haba. Ngoma zinazochezwa sasa hazijafikia hali hiyo, ilimradi anayezihakiki akubali kwanza kuwa mtazamaji.