Waya wa Akseleta katika Magari ya Kujiundia ya Uingereza

Gari la kujiundia ni gari ambalo kiwanda humuuzia mnunuzi vipande vyake, naye akaviunganisha mwenyewe katika banda la nyumbani kwake, mara nyingi akiongezea injini, ekseli na giaboksi alizozitoa kwenye gari kuukuu lililochinjwa. Magari ya aina hiyo yalistawi sana Uingereza katika miongo mitatu iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na maandishi mengi yanayoyahusu huzungumzia mabodi, injini na mashindano. Waya wa akseleta, yaani ule waya mwembamba unaotoka kwenye pedeli ya mafuta hadi kwenye kabureta, hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo sehemu ambayo haikuweza kuazimwa ikiwa nzima kutoka kwenye gari lolote. Injini iliazimwa, usukani uliazimwa, taa ziliazimwa. Waya huo ulipaswa kukatwa kwa kipimo cha gari moja tu, na kila ulipochakaa ilibidi kipimo hicho kitafutwe upya.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Dereva anapokanyaga mafuta, pedeli huuvuta waya, nao hukizungusha kisahani kilichomo katika koo la kabureta, hewa ikaingia kwa wingi zaidi na kufyonza petroli. Dereva anapoondoa mguu, springi hukirudisha kisahani mahali pake na injini ikapunguza mwendo. Waya husafiri ndani ya ganda ambalo mafundi wengi huliita kava. Ganda hilo ndilo uvumbuzi wenyewe, wala si waya.

Kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 1834, Wilhelm Albert, ofisa wa migodi wa Clausthal katika milima ya Harz, Ujerumani, alipoitumia kupandishia mizigo kutoka shimoni badala ya minyororo iliyokuwa ikikatika. Lakini kamba ya namna hiyo huvuta kwa mstari ulionyooka, na kila inapotakiwa kupinda huhitaji kapi. Mwaka 1896 Ernest Monnington Bowden, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akiishi London, aliomba hataza ya kifaa kilichoondoa haja hiyo: aliupitisha waya laini ndani ya mrija uliotengenezwa kwa waya mgumu uliozungushwa kama springi iliyobanwa, kisha akaifunga imara miisho yote miwili ya mrija. Kwa kuwa mrija haukubali kufupishwa, mvuto unaotiwa upande mmoja wa waya hufika upande wa pili hata kama njia imepindapinda, maana waya hubeba mvuto na ganda hubeba msukumo ulio sawa na mvuto huo. Baadaye sifa ya uvumbuzi huu ilihamishiwa mara kwa mara kwa Frank Bowden, mwenye kampuni ya baiskeli ya Raleigh, kwa sababu tu majina yao yalifanana.

Matumizi ya kwanza yalikuwa breki za baiskeli, ambazo hapo awali zilitegemea fito za chuma na viungo vyake. Msomaji wa Afrika Mashariki anazijua njia zote mbili, kwa kuwa baiskeli nzito za Raleigh, na baadaye za Phoenix na Hero, zilidumu na breki za fito kwa miongo mingi baada ya baiskeli nyepesi kuhamia kwenye waya. Fito ina uaminifu wake, kwani haichakai upesi na kasoro yake huonekana kwa macho, lakini hudai kwamba kila kitu kikae pale mbunifu alipokipangia.

Sharti hilo halikuwasumbua watengenezaji wakubwa wa magari. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1930 na 1940 yaliendesha kabureta kwa fito zenye viungo vya mviringo, kwa sababu kiwanda kilijua kwa hakika umbali kutoka kwenye pedeli hadi kwenye injini, na magari yote ya toleo moja yalilingana. Waliosumbuka ni vijana waliokuwa wakichukua Austin Seven kuukuu, gari dogo lililotengenezwa kati ya 1922 na 1939, wakalivua bodi lake na kuliundia jingine jepesi kwa ajili ya mashindano. Mmoja wao alikuwa Colin Chapman, ambaye mwaka 1948 alikamilisha gari lake la kwanza kutokana na Austin Seven, na mwaka 1952 akaanzisha kampuni ya Lotus. Injini ikisogezwa nyuma kwa urefu wa kiganja ili uzito ugawanyike vizuri, au kabureta moja ikibadilishwa na mbili, fito za kiwandani haziwezi tena kufikia, na kutengeneza nyingine kunataka hesabu ya pembe na mikono ambayo si kila mtu aliiweza. Waya wa Bowden haukujali pembe. Ulipitishwa palipokuwa na nafasi.

Kilichoigeuza kazi hiyo ya wachache kuwa biashara ni kodi. Oktoba 1940, wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilianzisha kodi ya manunuzi kwa bidhaa zilizohesabiwa kuwa za anasa, na magari yalibaki chini ya kodi hiyo baada ya vita. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950 kiwango chake kwa magari kilikuwa nusu ya bei ya jumla au zaidi. Vipande vya gari ambalo halijaunganishwa havikutozwa kama gari kamili, na ndani ya mwanya huo zilizaliwa kampuni nyingi ndogo. Lotus iliuza gari lake la Mark VI kwa vipande, na mwaka 1957 ikaleta Seven, gari la viti viwili lenye fremu ya mirija ya chuma na bodi la bati la alumini, ambalo uzito wake haukufika nusu tani. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa sheria haikuruhusu kiwanda kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunganisha, Lotus ilimpa maelekezo ya kufungua, naye akayasoma kuanzia mwisho. Iwe kisa hicho kilitiwa chumvi au la, kinaeleza vizuri hali ya wanunuzi, ambao waliachiwa kuamua wenyewe mambo mengi madogo, na njia ya waya wa akseleta ilikuwa mojawapo.

Kundi jingine, kubwa zaidi na maskini zaidi, lilitegemea Ford ndogo za zamani zenye injini ya sentimita za ujazo 1172. Mabodi ya magari hayo yalioza kwa kutu ilhali fremu na injini vingali vizima, hivyo kuanzia miaka ya 1950 viwanda vidogo viliuza mabodi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, ambayo mnunuzi aliyafunga juu ya fremu ileile. Bodi la faiba halikufuata umbo la gari lililotangulia: dereva aliketi chini zaidi na nyuma zaidi, pedeli zikahama pamoja naye, na waya ukawa mrefu kuliko ule uliouzwa dukani.

Hapo ndipo ilipo sababu ya waya huo kuchakaa mapema katika magari haya. Mwundaji aliyekuwa na haraka ya kulisikia gari likinguruma aliupitisha mahali palipokuwa wazi, na mara nyingi mahali hapo palikuwa karibu na bomba la moshi, ambapo joto lilikausha grisi ndani ya ganda, au palihitaji kona kali, ambapo nyuzi zilijisugua upande mmoja tu hadi zikaanza kukatika moja baada ya nyingine. Kosa lililoenea zaidi lilikuwa kutokuweka kizuizi chini ya pedeli. Kisahani cha kabureta kikifika mwisho wa safari yake kabla pedeli haijagusa sakafu, nguvu yote ya mguu hubebwa na kile kichwa kidogo cha chuma kilicholehemiwa kwenye ncha ya waya, na kichwa hicho hakikutengenezwa kwa mzigo huo.

Sababu nyingine ni ya umeme, na inastaajabisha kwa asiyeizoea. Injini hukaa juu ya mipira inayozuia mtetemo, hivyo haigusani moja kwa moja na fremu, na ni lazima waya mnene uiunganishe na fremu ili mkondo wa stata upate njia ya kurudi kwenye betri. Mwundaji akiusahau waya huo, au akiufunga juu ya rangi isiyopitisha umeme, mkondo wenye zaidi ya ampea mia moja hutafuta njia nyingine ya chuma, na waya wa akseleta ndio uliopo. Hupata moto kwa sekunde chache na ganda lake huyeyuka. Mmiliki anayebadilisha waya wa akseleta peke yake bila kuchunguza ule waya mnene atabadilisha tena muda si mrefu.

Utaratibu wa kubadilisha wenyewe haujabadilika sana tangu zama za Chapman. Waya wa zamani huchomolewa ukiwa mzima ili uwe kipimo, ingawa fundi mwangalifu hupima pia njia yenyewe kwa kamba, kwa sababu waya wa zamani huenda ulikuwa mfupi tangu mwanzo. Ganda hukatwa kwa pembe mraba na ncha yake husagwa, kwani ukucha mmoja wa chuma uliobaki ndani utaukata waya mpya. Kichwa cha waya hufungwa kwa njia mbili. Ya haraka ni kukibana kwa skrubu, nayo huponda nyuzi. Ya kudumu ni kuzipitisha nyuzi ndani ya kichwa cha shaba nyeupe, kuzichanua kama ufagio, kuzirudisha ndani ya shimo na kujaza lehemu. Kisha mtu mmoja hukanyaga pedeli hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, na mwingine hutazama kama kisahani kimefunguka chote, na kama kinajifunga chenyewe pedeli ikiachwa, hata usukani ukizungushwa huku na huku. Waliojifunza kwa hasara hufunga springi mbili za kurudishia badala ya moja.

Malighafi ilitoka kwenye maduka ya pikipiki na ya baiskeli, yaani waya ulirudi ulikotoka. Baadaye ganda lilipata bitana ya plastiki ya aina ya PTFE, iliyogunduliwa na Roy Plunkett katika maabara za DuPont mwaka 1938, na grisi ikawa si ya lazima tena. Kwenye bitana hiyo grisi huweza hata kudhuru, kwa kuwa hushika vumbi.

Kodi ya manunuzi ilifutwa Aprili 1973 ilipoanzishwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo haikuvibagua vipande na gari kamili, na kampuni nyingi zilidhoofika. Mwaka huohuo Lotus iliachia haki za Seven kwa Caterham ya Graham Nearn, ambayo iliendelea kuliuza. Kujiundia gari kukawa sasa burudani kuliko njia ya kukwepa gharama, hadi kitabu cha Ron Champion cha mwaka 1996 kilipowaambia wasomaji kwamba gari la michezo linaweza kuundwa kwa pauni 250, kwa fremu ya kuchomelea nyumbani na vipuri vya Ford Escort, na mabanda yakajaa tena.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikubwa vilianza kuuondoa waya, na kisahani kikawa kinazungushwa na mota inayoagizwa na kompyuta. Waundaji wengi wanaochukua injini za kisasa huitoa mota hiyo na kufunga visahani vinavyovutwa kwa waya, kwa kuwa wanaweza kuutengeneza kwa koleo na lehemu. Hata wanaogeuza magari ya zamani kuwa ya umeme mara nyingi huubakiza: pedeli ileile huvuta waya uleule hadi kwenye kisanduku chenye kipimio cha ukinzani, ambacho huiambia mota ya umeme ni nguvu kiasi gani inayotakiwa.