Gitaa la Chama, Jina la Mtindo

Manyoni, mkoani Singida, ipo kwenye reli ya kati, baina ya Morogoro na Tabora, miji miwili iliyovuma kwa bendi zake.

Mwaka 1952 Gibson ya Marekani iliingiza sokoni gitaa la umeme lenye jina la mpigaji, Les Paul. Huku kwetu, kwa bendi kama hizo, ingekuwa vigumu gitaa kupewa jina la mpigaji: vyombo mara nyingi vilikuwa mali ya bendi au taasisi. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama, gitaa hubaki.

Badala ya gitaa, jina likapewa mtindo wa muziki, tena hilo halikuhitaji kiwanda! Tabora Jazz walijinadi kwa Segere Matata. Mpiga gitaa la solo Mbaraka Mwinshehe, alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano, alikuja na mtindo wa Masika. Mwenye redio ya betri kule Iramba, Singida, aliweza kulitambua solo lake kabla mwimbaji hajafungua kinywa.