Mapambo ya msiba
Mapambo ya msiba ni pete, vidani na bangili zilizovaliwa kumkumbuka marehemu. Huko Uingereza, pete za karne ya 17 zilichorwa fuvu la kichwa, ili mvaaji akumbuke kwamba naye ni wa kufa. Baadaye nywele za marehemu zilisukwa na kufunikwa kwa kioo ndani ya pambo. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe, Albert, mwaka 1861, alivaa nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1901. Mtindo huo ulienea, na mafundi wa mji wa Whitby walistawi kwa kuchonga jeti, jiwe jeusi litokanalo na miti ya kale.

Kwa Waislamu wa pwani ya Waswahili, na wa Ujiji mkoani Kigoma, mji wa misafara ya biashara ya karne ya 19, msiba huonekana kwa kuvua mapambo. Mjane akaaye eda huweka kando dhahabu, manukato, hina na wanja kwa miezi 4 na siku 10. Aliye mjamzito humaliza eda anapojifungua. Eda ikiisha, anaruhusiwa kujipamba tena.