Zamu ya Shosho

Aprili iliyopita mvua ilinyesha Murang'a usiku kucha, na asubuhi Mama akanipigia simu. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba ameongeza sufuria ya tatu pale sebuleni. Alipokuwa bado anaongea, simu ikatetemeka sikioni: ujumbe wa mkopo. Siku mbili zimebaki.

Hesabu zangu zilikuwa hivi. Deni la mkopo wa simu, shilingi 14,000, na lilikuwa linaongezeka. Akiba, 21,000, kwenye akaunti niliyoapa sitaigusa. Paa, fundi alisema 38,000, bila usafiri wa mabati. Nililipe deni? Nilinde akiba? Nimtoe Mama kwenye sufuria? Kila jibu lilikuwa linavunja jingine.

Wikendi hiyo nikaenda nyumbani. Paa lenyewe ni la Shosho, nyanyangu, anayeishi hapo na Mama. Nilipotaja bei ya fundi, Shosho alinyamaza kidogo, kisha akanituma chini ya kitanda chake nikalete daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa 1966, kwa mwandiko wa marehemu Baba, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne. Majina ishirini ya wanawake. Jina la Shosho ni la 17.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Shosho alikuwa wa mabati. Miaka ya sitini na sabini, vikundi vya wanawake vilienea sehemu za kati za Kenya, na watu wakaviita kwa jina la kitu vilichokuwa vinakitafuta: mabati. Wanawake walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka pesa pamoja, wakamwezekea mmoja wao nyumba, kisha wakahamia kwa mwingine. Mizizi yake ilikuwa ngwatio, ile desturi ya Wakikuyu ya kusaidiana kazi shamba kwa shamba. Tofauti ni kwamba sasa kazi ilikuwa inageuka kuwa bati.

Kwa nini hawakukopa tu? Serikali ya kikoloni iliifahamu nyumba ya Mwafrika mapema sana, kwa sababu kodi ya nyumba ilianza 1901, na mwenye nyumba tatu alilipia tatu. Lakini kumkopesha mwenye nyumba hiyo lilikuwa jambo jingine. Sheria ya 1948 ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika iliweka mpaka wa shilingi 200: aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya hapo bila idhini ya serikali hangeweza kumdai mahakamani. Nani angekopesha? Kisha 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa Murang'a waliondolewa kwenye boma zao wakasongamanishwa vijijini chini ya ulinzi. Waliporudi mashambani walijenga upya, wengi kwa nyasi. Wanaume wengi walikuwa mjini wakitafuta kazi. Nyumba ilibaki mikononi mwa wanawake, na benki hazikuwa zao.

Na bati halikuwa urembo. Nyasi zinaoza, lazima uzibadilishe. Bati linakinga maji ya mvua, na pipa likijaa hapo nje, safari za mtoni zinapungua. Muda huo mwanamke anaupeleka shambani. Vikundi vingi vilipomaliza mabati viliendelea: matangi ya maji, ng'ombe wa gredi.

Nikiwa nimeshika lile daftari, nikaona kitu ambacho simu yangu haijawahi kunionyesha. Pesa ni ileile, lakini kwa mwanamke wa kwanza ilikuwa deni, na kwa wa ishirini ilikuwa akiba. Deni, akiba na nyumba vilikaa kwenye ukurasa mmoja. Kwangu vimekuwa maadui watatu wanaoishi mfuko mmoja.

Nikamuuliza, "Shosho, mlikuwa mnaamuaje nani aanze?"

"Aliyekuwa ananyeshewa zaidi."

"Na mtu akishapata mabati akaacha kulipa?"

Akacheka. Kulikuwa na mmoja, akasema. Walimwendea wote kumi na tisa, wakatoka na mbuzi. Nisijidanganye basi kwamba zamani ilikuwa asali. Aibu ilikuwepo. Mimi pia nimeionja: mwezi mmoja nilichelewa kulipa, na waliponikosa wakampigia bosi wangu. Lakini wale waliochukua mbuzi ndio waliomlimia yule mama shamba alipojifungua. Waliompigia bosi wangu hawajui hata kama nina mama.

"Sisi tulijuana madeni," Shosho akasema. "Wewe nani anajua lako?"

Hakuna aliyekuwa anajua. Jioni hiyo nikaandika kwenye kundi la familia, nikataja kiasi chote. Nilifuta mara tatu kabla ya kutuma. Dada yangu akajibu kwanza: lake ni 9,000. Binamu akafuata na lake.

Tulikubaliana hivi. Kila mwenye deni linaloongezeka alilipe kwanza, hata kama ni kwa akiba. Nikalipa 14,000, nikabaki na 7,000. Tuko watano. Kila mmoja anatoa 4,000 kwa mwezi, na zamu mbili za kwanza ni za paa, kwa sababu Mama na Shosho ndio wanaonyeshewa zaidi. Mwezi wa pili fundi akapanda juu, na kilichobaki kikalipa gari la mabati.

Kwenye orodha mimi ni wa mwisho. Shosho alipoambiwa, akauliza daftari jipya liko wapi. Nikamwambia liko kwenye simu.

"Sawa," akasema. "Ukiwa wa mwisho, wewe ndiye unayewakopesha wenzako. Usilale."