Kanisa, Simu na Kikombe cha Chai

Leo sizungumzi mbegu wala mbolea, hata kama njo kazi yangu. Naleta historia ya simu. Si ile ya kutuma franga wala ya kutafuta kazi, ila simu ya mtu ambaye roho imemchoka na hana wa kumwambia. Mwishoni nitasema sababu gani jambo hili linanigusa.

Tuanze Uingereza, mwaka wa 1935, katika mji wa Lincoln. Padri kijana wa Kanisa la Anglikana, Chad Varah, alipewa mazishi ya kwanza ya kazi yake. Marehemu alikuwa msichana wa miaka 14. Alikuwa ameanza kuona damu ya mwezi, akadhani ameshikwa na ugonjwa wa zinaa, akajiua. Mama, shangazi ao muuguzi yeyote angeweza kumjibu kwa dakika 5, lakini mtoto hakuwa na mtu wa kuuliza. Varah alisimulia kwamba pale kaburini aliamua kufundisha vijana mambo ya mwili bila haya. Batu wengi wa kanisa hawakufurahia.

Miaka 18 ikapita. Mwaka wa 1953 Varah akapewa parokia ya St Stephen Walbrook, katikati ya London. Ni kartiye ya mabenki na mabiro. Usiku hakulali karibu mtu. Kanisa lenyewe lilikuwa limepigwa bomu wakati wa vita na lilikuwa bado linatengenezwa. Padri asiye na waamini wengi anapata nafasi ya kuwaza. Alikuwa amesoma kwamba London batu karibu 3 kila siku wanajiua. Akajiuliza: nyumba ikiwaka moto, watu wanapiga 999, je, yule anayetaka kufa anapigia nani?

Akatafuta nambari rahisi ya kukumbuka. Mwenyewe alielezea kwamba alipopangusa vumbi kwenye simu ya kanisa, akakuta nambari yake ni MAN 9000. Tarehe 2 Novemba 1953 kazi ikaanza, yeye pamoja na katibu wake. Mwezi uliofuata gazeti la Daily Mirror likawafananisha na Msamaria Mwema wa Biblia, na jina likabaki: Samaritans.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Wakati ule, kwa sheria ya Uingereza, kujaribu kujiua ilikuwa kosa. Aliyeponea aliweza kupelekwa mbele ya tribinali, hata kufungwa. Sheria ile ilibadilishwa mwaka wa 1961 tu. Kwa hiyo kumwambia daktari ao polisi «nataka kufa» ilikuwa karibu sawa na kujishitaki. Simu ikaleta nafasi ingine: hakuna anayeona uso wako, na hakuna anayekulazimisha kusema jina. Haya inapungua, mdomo unafunguka.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni ya chai. Batu hawakupiga simu tu. Wengi walikuja kanisani wenyewe, wakangojea zamu yao ya kuonana na padri. Wakaja basi watu wa kujitolea, watu wa kawaida kabisa, kuwapikia chai na kukaa nao. Varah akaona jambo la ajabu. Wengi, baada ya kuongea na yule wa chai, waliaga na kurudi nyumbani bila kumuona padri. Alikuwa mwanaume wa masomo mengi, angeweza kukasirika. Yeye akaelewa kwamba wale wa chai wanafanya kazi ile vizuri kuliko yeye. Februari 1954 akawaachia simu. Yeye akabaki na kazi ya kuwachagua, kuwafuatilia, na kuwasaidia pale jambo lilipowazidi.

Kanuni zao zilikuwa chache. Usihubiri, hata kama simu iko ndani ya kanisa. Usitoboe siri. Usiamue maisha ya mwingine. Sikiliza. Na ukisikia mtu anazungukazunguka kando ya kifo, muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo ambalo hakuwa nalo.

Mti ule ukatoa matawi: Berlin ilifungua simu yake mwaka wa 1956, Wafaransa wakaanzisha SOS Amitié mwaka wa 1960, na kule Sydney mchungaji Alan Walker akaanzisha Lifeline mwaka wa 1963.

Na kwetu? Mwaka wa 1953 Congo ilikuwa koloni la Wabelgiji, na simu ilikuwa kitu cha biro ya wakubwa, kampuni na misioni. Wakati wa Zaire nyaya zikaoza. Miaka ya 1980 Telecel ikaleta simu za mkono Kinshasa, lakini ni wenye uwezo tu waliozibeba. Simu ya mwananchi ilifika mwanzo wa miaka ya 2000. Mimi, mtoto wa Lubero, nakumbuka tukipanda kilima kutafuta rezo. Ikafika na bei yake, njo sababu tukavumbua bipu. Bipu moja: nipigie. Mbili: nimefika. Kila jamaa na mapatano yake. Halafu, wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, Beni na Butembo tukazoea kuona wafanyakazi wa saikolojia wakifuata jamaa za wagonjwa. Kabla ya hapo, kwa wengi wetu, saikolojia ilikuwa kozi ya kupita mtihani.

Sasa yangu. Mwaka wa 2022, nikiwa na lisansi ya agronomia mkononi na kazi hakuna, papa aliuza ng'ombe ili nikodi shamba la viazi. Mvua ikazidi. Dawa ya mildiu ikaisha, na pesa ya kununua ingine haikuwepo. Katika wiki mbili shamba likawa jeusi. Mimi, agronome wa kijiji! Wakulima wasiosoma walivuna, mimi nikachimba viazi vya kunuka. Papa hakunigombeza, na hiyo iliniumiza zaidi. Nilipojaribu kusema, jibu lilikuwa moja: «Jikaze, we ni mwanaume.»

Usingizi ukapotea. Kulikuwa na nambari ya msaada imebandikwa ukutani, kwenye kituo kimoja cha afya. Nikaipiga usiku mara tatu. Iliita, haikupokelewa. Unite zikabaki kidogo sana. Nikabipu dada mmoja tuliyesoma naye, bila kujua nitamwambia nini.

Akapiga saa sita ya usiku, forfait yake ya usiku ilipoanza. Akasema: «Niko. Sema.» Nikasema viazi, ng'ombe, papa. Hakunipa shauri. Nilipofika mahali fulani akaniuliza taratibu: «Ndugu yangu, unawaza kujiua?» Nikanyamaza, halafu nikasema ndiyo, kuna usiku mingine. Hakulia, hakuhubiri. Aliniomba nisikate simu, nimuamushe yaya tukiwa bado tunaongea. Nikamuamusha. Asubuhi yaya akanisindikiza kwa muuguzi. Ilichukua miezi, lakini leo nalima tena, na deni la ng'ombe nimelipa nusu.

Yule dada alisoma ekonomia. Hajawahi kusikia jina la Varah. Alikuwa mtu wa chai tu.

Ndani ya ushirika wetu tuko wengi, tuna simu, na kila mwaka tunazika mwenzetu ambaye tulisema «hakuonyesha kitu». Naleta pendekezo kwa komite: tuchague watu watano, mwanasaikolojia awafundishe na kuwafuatilia kama Varah alivyofanya, wapokezane zamu za usiku, na ushirika ulipe forfait. Nambari ibandikwe tu siku tutakapohakikisha kuna mtu wa kuipokea.

Kabla ya hapo, angalia bipu ulizopata wiki hii. Kuna moja hukurudisha. Piga.