Madaraka si Uhuru: Sikukuu iwe somo

JUNI 1, 2025, sherehe za kitaifa za Sikukuu ya Madaraka zilifanyika Homa Bay. Kila sikukuu hiyo inapokaribia, wanafunzi wa huko na wa Migori hukariri mashairi na kuchora bendera. Ni vyema. Lakini hebu waulize: madaraka ni nini? Jibu ninalolipata mara nyingi ni, "Si ni uhuru tu!"

La hasha. Juni 1, 1963 tulipata serikali ya ndani, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Ulinzi na mambo ya nje yalibaki mikononi mwa Mwingereza. Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963, na Jamhuri Desemba 12, 1964. Maneno matatu, hatua tatu: hilo ni somo zima.

Mwalimu wa Homa Bay analo kaburi la Tom Mboya kisiwani Rusinga, waziri wa haki na katiba katika serikali hiyo ya 1963. Wa Migori anazo kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ushahidi kwamba wenyeji walijitawala kabla ya mkoloni.

Isitoshe, "madaraka" ni mamlaka na pia ni wajibu. Mtoto anayefundishwa kupiga makofi tu, kesho akikabidhiwa madaraka, ataijua maana ya kwanza pekee.