Kutoka Kinu hadi Mashine: Habari za Usagaji wa Nafaka katika Bonde la Kilombero



Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, za shule zilizofunguliwa na za wagonjwa waliotunzwa. Hayo yote ni haki yaandikwe. Lakini sisi tumeona vema kuongeza habari ya kitu kimoja kisicho na mnara wala kengele, nacho ni mashine ya kukoboa na kusaga nafaka. Maana kabla mtoto hajaenda shuleni, na kabla mgonjwa hajapewa dawa yake, ilipasa kwanza awepo mtu wa kugeuza punje kuwa chakula. Mtu huyo katika nchi yetu, tangu zamani za kale, alikuwa mwanamke. Twataka kueleza kazi yake ilivyokuwa, na mashine ilipoingia ilimwondolea nini, na ilimnyang'anya nini.

KINU NA MCHI

Bonde la Kilombero lajulikana mbali kwa mpunga wake. Wandamba, watu wa mito, pamoja na Wabena, Wambunga na Wapogoro, walijifunza kuufuata mto unavyopanda na kushuka. Maji yakienea bondeni huacha rutuba, na katika rutuba hiyo mpunga husitawi. Basi mpunga una neema moja na tabu moja. Neema yake ni ganda, ambalo huilinda punje ghalani miezi mingi. Tabu yake ni ganda lilo hilo, kwani hauliwi mpaka litoke.

Kulitoa ganda kulikuwa kazi ya kinu na mchi. Mama alimimina mpunga, akatwanga, akapeta kwa ungo, akarudisha kinuni punje zilizobaki na ganda, akatwanga tena, akapeta tena, kisha akachagua mawe na chuya. Mahindi yalikuwa na tabu zaidi: yalitwangwa kuondoa kumbi, yakalowekwa, yakatwangwa mara ya pili, yakachungwa, na unga ukaanikwa juani. Ulezi na mtama ulisagwa juu ya jiwe, mama akiwa amepiga magoti. Kazi hiyo ilianza kabla ya jua kuchomoza, wala haikuwa na Jumapili, kwa kuwa tumbo halijui sikukuu. Binti naye alitwanga pamoja na mama yake. Walimu wa zamani walimjua mtoto huyo: ndiye aliyefika shuleni wenzake wamekwisha kuanza somo, mikono yake ina malengelenge, na usingizi unamlemea kabla ya adhuhuri.

Tena jambo hili si dogo hata mbele ya Maandiko Matakatifu. Katika Kumbukumbu la Torati yakatazwa kutwaa rehani mawe ya kusagia, kwa sababu atwaaye mawe hayo ametwaa uhai wa nyumba. Wazee wetu walilielewa hilo pasipo kufundishwa. Vita ya Maji Maji ilipoiunguza nchi, 1905 hadi 1907, na tena majeshi ya Wajerumani na ya Wabelgiji yalipopigania Mahenge katika 1917, chakula kilikwisha mashambani na maghalani. Kijiji kisichosikika mchi asubuhi kilikuwa kijiji chenye njaa.

CHUMA CHAINGIA KATIKA KAZI

Wabenediktini walifungua misioni ya Kwiro katika 1902. Baada ya vita kuu ya kwanza, Wakapusini wa Uswisi waliishika kazi hiyo tangu 1921, na Masista wa Baldegg wakaja kusaidiana nao. Misioni yenye watoto wa bweni, wagonjwa na mafundi ilihitaji unga na mchele mwingi kila siku, na mikono ya kutwanga haikutosha daima.

Wakati huo huo chuma kilikuwa kimekwisha kuanza kazi hii mahali pengine. Katika 1885 fundi mmoja wa Brazili, Evaristo Conrado Engelberg, alibuni mashine ya kukoboa mpunga na kahawa, na baadaye ikatengenezwa kwa wingi katika mji wa Syracuse, Marekani. Mashine za namna hiyo zilienea katika nchi zote zilimazo mpunga. Kisha zikaja injini za dizeli, ambazo hazikuhitaji mto wala upepo kuziendesha. Injini ya Lister, iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, tangu miaka ya mwisho ya 1920, ilipendwa sana mashambani kwa sababu iligeuka polepole, ilidumu, na fundi wa kijijini aliweza kuifungua na kuifunga. Katika miji midogo ya Tanganyika, kati ya vita viwili, mashine nyingi za nafaka zilikuwa mali ya wafanyabiashara Wahindi. Mkulima alileta gunia, akalipa senti zake, au akauza mpunga wake papo hapo.

JINSI MASHINE ZIFANYAVYO KAZI

Kwa ajili ya walimu na wanafunzi tueleze kidogo, maana watu wengi hupeleka debe mashineni kila juma wala hawajui ndani yake mna nini.

Mashine ya kukoboa ina gogo la chuma lenye matuta, lilalalo ndani ya sanduku na kuzunguka. Mpunga huingia upande mmoja, ukasukumwa kwenda upande wa pili. Njiani punje husuguana zenyewe kwa zenyewe, na husuguliwa na kisu cha chuma kilichokazwa pembeni. Chini yake mna chekeche, ambamo pumba huanguka. Kisu kikikazwa mno, punje huvunjika zikawa chenga. Kikilegezwa mno, mpunga hutoka na ganda lake. Kwa hiyo fundi mwema hutia mkono wake katika mchele utokao, akautazama, akageuza skrubu kidogo kidogo. Katika kila kilo 100 za mpunga, ganda peke yake hupata kilo 20 hivi, na mafundi wa matofali hulichukua kuchomea tanuru zao.

Mashine ya kusaga ni ya namna nyingine. Ndani yake mna mhimili wenye sahani za chuma, na katika sahani hizo nyundo bapa zimetundikwa kwa misumari minene, kila moja ikiwa huru kubembea. Mhimili ukizunguka kwa kasi, nyundo zote husimama zikielekea nje. Punje ikianguka kutoka juu hupigwa kabla haijafika chini, ikapasuka, ikapigwa tena, hata iwe ndogo ya kupita katika matundu ya chekeche la chuma lililoizunguka. Chekeche ndilo litakalo unga uwe laini au mkavu: matundu ya milimita moja hutoa unga wa ugali, na makubwa zaidi hutoa chakula cha kuku. Kisha upepo wa feni huupandisha unga bombani mpaka mfukoni.

Tufanye hesabu. Tuseme injini hugeuka mara 650 kwa dakika, na gurudumu lake lina kipenyo cha sentimita 60. Mkanda waliunganisha na gurudumu la mashine lenye sentimita 13. Basi mashine hugeuka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Ikiwa duara ya nyundo ina kipenyo cha nusu mita, ncha ya nyundo husafiri mita 78 hivi kwa sekunde moja, mbio kupita treni yoyote ipitayo Ifakara.

Kutokana na mbio hizo zafuata sheria za fundi. Nafaka iwe kavu, maana mbichi huziba matundu. Kipande cha chuma kikiingia pamoja na nafaka hutoboa chekeche, hata kwaweza kuwasha cheche. Kwa hiyo wenye busara huweka sumaku mdomoni mwa mashine. Nyundo ikilika upande mmoja, yafaa igeuzwe itumie upande wa pili. Tena zibadilishwe mbili mbili zikabiliane, zenye uzito sawa, la sivyo mashine itatetemeka hata beringi zife. Vumbi la unga lisiachwe kujaa nyumbani: huharibu mapafu, nalo likichanganyika na hewa huwaka kama baruti. Huko Minneapolis, Marekani, kinu kikubwa cha ngano kililipuka kwa vumbi lake katika 1878, wakafa watu 18.

MIAKA YA KUTARAJIA NA MIAKA YA KUNGOJA

Jimbo la Mahenge liliundwa katika 1964, wakati nchi ilipokuwa changa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, vikawekwa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji. Na watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa, akina mama katika sehemu nyingi za nchi walipoulizwa wataka nini, waliomba maji ya karibu na mashine ya kusaga. Mashine ya kijiji ikawa alama ya maendeleo. Reli ya kwenda Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara na Mlimba, na mchele wa bonde ukapata njia ya kwenda mijini.

Lakini katika miaka iliyofuata Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikwisha, dizeli ikaadimika, na vipuri havikupatikana. Mashine nyingi vijijini zilisimama zikiota kutu kwa ajili ya mkanda mmoja au chekeche moja. Akina mama wakarudi kwenye vinu ambavyo walikuwa wamekwisha kuvilaza uani. Twaliandika hili kwa makusudi, ili vijana wasidhani ya kuwa jambo lililopatikana mara moja limepatikana daima. Hata walipokuwapo mafundi, barabara za bonde zilikatwa na mafuriko, na wa upande wa Ulanga walikitegemea kivuko cha mto Kilombero mpaka daraja lilipofunguliwa katika 2018.

Umeme nao ulileta badiliko. Bwawa la Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, lilianza kutoa umeme katika 1975, na mto Kihansi, ushukao milima ya Udzungwa, ukafuata kufika mwaka 2000 kwa megawati 180. Hivyo maji ya pande zetu husaidia kugeuza mashine za kusaga hata za Dar es Salaam. Lakini hata sasa jamaa wengi huhamia mashamba ya mbali wakati wa kulinda mpunga na ndege, wakakaa katika madungu, na huko hakuna nguzo ya umeme. Huko kinu na mchi havijastaafu.

WEUPE WENYE HASARA

Tumesema mashine iliondoa mzigo. Yatupasa pia kusema ilichukua nini. Mama alipotwanga kwa mkono, sehemu ya ngozi nyembamba ya punje ilibaki juu ya mchele. Mashine yaweza kuiondoa yote, mchele ukawa mweupe wa kung'aa, na watu wakaupenda hivyo. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa katika kisiwa cha Java, akaona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, nao walipopewa mchele usiosuguliwa walipona. Ugonjwa huo uliwapata watu pia, ukaitwa beriberi. Kwa njia hiyo wataalamu walifika kuijua vitamini B1, iliyomo katika ngozi ya punje, na Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel katika 1929.

Mahindi ni hivyo hivyo. Sembe ni nyeupe na laini, lakini kiini na ngozi vimetupwa pumbani. Dona ina rangi, nayo ina nguvu zaidi. Basi huona mtu amelipa fedha kukoboa, mwanawe akala weupe, na nguruwe wa jirani akala pumba zenye afya. Mashine haina kosa: hufanya kama ilivyokazwa. Mzazi ndiye asemaye kwa fundi, "Nikobolee kidogo," au, "Nisagie dona." Neno hilo moja ni la bure, nalo laweza kumfaa mtoto mwaka mzima.

NENO LA MWISHO

Jimbo letu la Ifakara lilizaliwa kutoka Mahenge katika 2012. Katika furaha ya jubilei twaziomba parokia mambo matatu. Kwanza, mahali ambapo mashine ni mali ya parokia au ya kikundi, hesabu zake zisomwe wazi, na sehemu ya mapato iwekwe akiba kwa vipuri, isije ikasimama tena kama zamani zile. Pili, mkanda ufunikwe kwa wavu, na watoto wasitumwe kumimina nafaka penye magurudumu yazungukayo, maana kidole kilichokatika hakirudi. Tatu, walimu wawatume wanafunzi kwa bibi zao, wakaulize saa ngapi walikuwa wakiamka kutwanga, nani aliwafundisha, na nini walichofanya na muda walioupata mashine ilipokuja.

Majibu hayo yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni. Bibi hao wanapungua kila mwaka, nao ndio waliowalisha mapadre, masista, walimu na sisi sote, kabla ya injini ya kwanza kusikika katika bonde hili. Mwenyezi Mungu awalipe kwa kazi yao, na awape raha ya milele wale waliokwisha kututangulia.